Namna ya Kuendesha Kinu cha Maji cha Kale bila Kukiharibu

Karibuni, watazamaji. Kinu mnachokiona nyuma yangu ni cha aina ambayo kwa karne nyingi ilisaga nafaka za vijijini kwa nguvu ya maji peke yake, na ambayo Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, alikwisha kuieleza katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Wengi hudhani kwamba kinu cha kale hutunzwa kwa kuachwa kitulie, lakini gurudumu la mbao likisimama muda mrefu, sehemu yake ya chini hubaki na unyevu na kuwa nzito huku ya juu ikikaushwa na jua, hata likapoteza mizani. Kwa hiyo kukiendesha ni sehemu ya kukihifadhi.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Ondoeni matawi na majani mferejini, kisha mkague gia, jino kwa jino. Meno haya ni ya mbao ngumu, yamepachikwa moja moja kwenye gurudumu la chuma, na nawasihi msiyabadilishe kwa ya chuma. Mbao ikikutana na chuma haitoi cheche, jambo kubwa mno ndani ya jengo ambamo vumbi la unga likitanda hewani linaweza kulipuka. Tena kinu kikikwama, huvunjika jino moja badala ya gurudumu zima.

Pili, nyanyueni jiwe la juu kwa skrubu hii. Jiwe la chini halisogei kamwe; la juu ndilo linalozunguka, na likiwa na kipenyo cha mita 1.2 huweza kufikia uzito wa takriban tani 1. Mawe haya hayapaswi kugusana hata kidogo, kwa sababu yakisuguana makavu hulika na kutoa cheche.

Tatu, fungueni lango la maji polepole. Maji huingia katika visanduku vya gurudumu kutoka juu, na ni uzito wake unaoligeuza.

Nne, mimineni ngano. Sikilizeni mlio huo wa kugonga-gonga: ni fimbo ya chuma inayozunguka pamoja na jiwe na kuutikisa mlizamu, ili nafaka zidondoke katika tundu la katikati. Jiwe likiongeza kasi, mlizamu hutikiswa zaidi na nafaka huongezeka zenyewe. Ukanda huu wa ngozi, uliokandamizwa na uzito wa nafaka, umefungwa kwenye kengele. Nafaka zikikaribia kwisha, ukanda hulegea na kengele hulia. Msisubiri ilie mara ya pili.

Sasa tufike penye ustadi wenyewe. Shusheni jiwe la juu kidogo kidogo, kingeni unga unapotoka, kisha mchezeshe unga huo kati ya kidole gumba na cha shahada, kama ninavyofanya hapa. Ukihisi chenga, jiwe bado liko juu. Ukiwa laini lakini umepata moto, mawe yamekaribiana mno na unga unaungua, nanyi mtaanza kusikia harufu yake. Mimi huutafuta unga wenye uvuguvugu tu, uliosambaa kwa ulaini, na wenye vipande bapa vya pumba ambavyo havikusagika. Nafasi iliyopo ukingoni mwa mawe wakati huo hailingani hata na unene wa karatasi nzito, na hakuna kipimo ninachokiamini kuliko kidole gumba.

Mwishoni, fungeni lango la maji wakati bado kuna nafaka baina ya mawe, na mnyanyue jiwe la juu kadiri mwendo unavyopungua. Kabla ya kuondoka, tieni alama ya chaki kwenye sehemu ya gurudumu iliyobaki chini, ili mkirudi juma lijalo mlisimamishe alama hiyo ikiwa juu.