Usiniulize Kama Ni Haramu

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Viti vipo, na leo maneno yangu hasa ni yenu.

Kila ninapoalikwa kuzungumza na vijana wetu wa Kihindu, swali la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, dini yetu inaharamisha pombe au haiharamishi?" Nimeulizwa hapa Mombasa, nimeulizwa Nairobi, nimeulizwa kwenye harusi nikiwa na sahani mkononi. Leo naomba swali hilo tuliweke kando kabisa, kwa sababu tumeliazima kwa jirani. Sisi tumekulia Makadara na Mji wa Kale, tumecheza mpira na watoto wa Kiislamu, tumekula futari nyumbani kwao. Muislamu ana jibu lake, limenyooka, na mimi namheshimu kwa jibu hilo. Lakini ukilichukua swali lake ukaliuliza kwenye vitabu vyetu, utatoka umechanganyikiwa, na mara nyingi utatoka na kisingizio.

Mchukue Manu, mtunga sheria wetu wa kale. Katika sura ya 11 anahesabu dhambi kubwa kuliko zote: kumuua Brahmin, yaani mtu wa tabaka la makuhani, kunywa pombe iitwayo sura, kuiba, kulala na mke wa mwalimu. Pombe imewekwa karibu na uuaji! Na kitubio chake ni kuinywa ikiwa inachemka, mpaka imuunguze mnywaji. Basi kijana anaogopa. Lakini rudi sura ya 5, shloka, yaani aya, ya 56, kitabu hicho hicho: hakuna kosa katika kula nyama, wala katika pombe, wala katika tendo la ndoa, maana ndiyo njia ya viumbe, bali kujiepusha kuna matunda makubwa. Basi kijana anafurahi, anapiga picha nusu ya kwanza ya shloka na kuitumia rafiki zake. Nusu ya pili, ile ya matunda makubwa, imebaki wapi?

Mnaona tatizo? Anayetafuta ruhusa ataipata. Anayetafuta katazo atalipata pia. Na wote wawili watakuwa hawajajiuliza pombe inafanya nini ndani ya mtu.

Gita, kitabu chetu kitakatifu, inajua inachofanya. Sura ya 2, shloka ya 62 na 63, wengi wenu mmezikariri tangu utotoni. Mtu anakiwaza kitu. Kutokana na kuwaza huja kushikamana nacho. Kutokana na kushikamana huja tamaa. Kutokana na tamaa huja hasira. Kisha bumbuwazi, kisha kumbukumbu hupotea, kisha buddhi huangamia, ile nuru ya kupambanua. Na buddhi ikiangamia, mtu ameangamia. Tazameni mnyororo unaanzia wapi. Hauanzii kwenye gilasi. Unaanza na kuwaza. Mtu yuko dukani saa tano asubuhi, hajagusa chochote, lakini anatazama saa ya ukutani akihesabu mpaka saa kumi na moja jioni. Huyo ameshaanza kunywa.

Nimemtaja mtu wa dukani kwa sababu namjua. Alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama. Alikuwa na duka la vitambaa, na nyuma ya majora ya kanga na pamba aliweka chupa yake. Sisi watoto tulijua. Mama alijua. Mke wake alijua na alilia jikoni. Lakini nyumbani mwetu neno "daru", yaani pombe, halikutamkwa, kwa sababu sisi ni watu wa heshima, watu wa mandir, wa hekaluni, na watu wa heshima hawanywi. Kwa hiyo mjomba alikunywa haraka, akisimama, kabla mtu hajaingia, bila chakula. Kisha akatafuna iliki na kuja kwenye aarti, ibada ya taa, akiwa ametulia kabisa, na sote tukapiga makofi pamoja naye mbele ya taa. Ini lilipoharibika, familia iliwaambia watu kwamba ana vidonda vya tumbo. Daktari aliuliza kama mgonjwa anakunywa, na mtu mzima wa familia yetu akajibu hapana, mbele yangu. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kilimuumbua mjomba wangu akiwa na miaka arobaini na saba.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kuna jamaa hawanisemeshi kwa sababu yake. Nitaendelea kuisimulia. Pombe ya siri haina kiasi. Kiasi kinahitaji mwanga, kinahitaji macho ya mtu mwingine, au angalau macho ya Mungu unayemkiri kwamba yupo chumbani.

Sasa nawaletea mtu mwingine, naye ndiye sababu ya mhadhara wote huu.

Calcutta, miaka ya 1880. Surendranath Mitra ni mtu wa kazi nzuri kwenye kampuni ya Waingereza, ana mshahara mnono, ana nyumba, na anakunywa. Rafiki yake Ramchandra Datta anamsihi waende hekalu la Dakshineswar kwa Ramakrishna, yule kuhani wa Mama Kali, mungu wa kike. Surendra haamini watu wa namna hiyo. Anasema atakwenda, lakini akimkuta ni laghai atamvuta masikio. Wakafika, wakaketi. Ramakrishna alikuwa akizungumza juu ya mtoto wa nyani na mtoto wa paka. Mtoto wa nyani humng'ang'ania mama yake kwa nguvu zake mwenyewe, akiteleza, ameanguka. Mtoto wa paka hulia tu, na mama humwinua kwa shingo akamweka anapotaka, jikoni kwenye majivu au kwenye godoro la mwenye nyumba. Surendra aliyekuja kuvuta masikio akarudi nyumbani kimya.

Akawa anakwenda tena na tena, na bado anakunywa. Ramchandra anamsumbua aache, kwa maana ni aibu mwanafunzi wa mtawa kunuka pombe. Siku ilipofika ya Ramakrishna mwenyewe kulisema, hakumwambia acha. Alimwambia hivi, kwa maneno yangu: Surendra, kila unapotaka kunywa, mtolee Mama kwanza. Na angalia kichwa kisiyumbe, wala miguu isipepesuke. Kadiri utakavyomwaza Mama, ndivyo hamu ya kunywa itakavyopungua.

Vijana, nataka mkae na maneno hayo, maana watu huyapita mbio. Mama Kali! Kwa Kisanskriti jina hilo ni la weusi, na ni la wakati unaomeza kila kitu. Sikio la Kiswahili husikia ukali, na halikukosea sana: ana upanga, ana shada la mafuvu. Mbele ya huyo ndiko mtu aweke gilasi yake jioni, aseme: Mama, hii ni yako, chukua kwanza. Jaribuni kuiona picha hiyo. Huwezi kunywa haraka ukiwa umesimama nyuma ya majora ya vitambaa. Lazima ukae. Lazima uwashe taa. Lazima utamke jina. Na ukishamtolea, huwezi kujimiminia ya tano bila kujua ni ya tano, kwa sababu kila moja umemwonyesha. Masharti mawili aliyopewa, kichwa na miguu, yanapimika, hayahitaji kitabu. Yamegusa mahali pale pale Gita ilipogusa, buddhi isipotee.

Na Surendra alitii. Waliomjua wameeleza kwamba jioni alimtolea Mama kidogo kabla ya kuonja, na badala ya kuchangamka kama zamani alianza kulia akimwita Mama kama mtoto, akizungumza habari za Mungu tu. Yule mtoto wa paka.

Najua kuna mzee hapa mbele ameshakunja uso. Anasema: mwalimu, unawafundisha watoto wetu kunywa mbele ya madhabahu. Hapana, mzee wangu. Asiyekunywa asianze, maneno haya hayamhusu, na tunda kubwa la Manu ni lake tangu leo. Ramakrishna mwenyewe hakuwa mnywaji. Alipopitishwa kwenye mazoezi ya tantra, njia ya ibada za siri, na mwalimu wake mwanamke, Bhairavi Brahmani, hakunywa ile divai ya ibada. Kulisikia tu jina lake kulitosha kumzamisha katika kumkumbuka Mungu. Namsemea yule ambaye chupa iko tayari mkononi mwake. Huyo ukimwambia acha leo, ataificha kesho. Mimi nimeona matokeo ya kuficha na nimebeba jeneza.

Tena kuna kijana anataka kuniambia habari za mji wa Ujjain kule India. Naam, ninazijua. Katika hekalu la mungu Kal Bhairav waumini huja na chupa, kuhani humimina kwenye kisahani, hukigusisha midomo ya sanamu, na sehemu hurudishwa kwa muumini kama prasada, yaani baraka. Ni kweli, na ni ibada ya zamani yenye heshima yake. Hata hapa pwani jirani zetu Wamijikenda humwaga mnazi chini kwa ajili ya koma, mizimu ya wazee wao, kabla mtu hajanywa. Wanaelewa kwamba wa kwanza si wewe. Lakini wewe kijana unayeninukulia Bhairav, ile chupa ya Ijumaa usiku ulimpa nani kwanza? Na usiniletee tantra. Hao wenyewe wa tantra, katika kitabu chao Kularnava, wamesema kwamba kama kunywa pombe kungemfikisha mtu kwenye ukamilifu, basi walevi wote wangekuwa wamekamilika. Wakasema njia yao ni ngumu kuliko kutembea kwenye makali ya upanga au kumkumbatia chui shingoni. Madya, yaani pombe, ni moja ya vitu vitano vya ibada hiyo, chini ya guru, yaani mwalimu, kwa mtu aliyeandaliwa. Haikuandikwa kwa ajili ya sherehe yako ya kuzaliwa.

Nilikuwa nimepanga kuwasimulia habari ya Shukra kwa kirefu, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi basi. Shukra ni guru wa Asura, wale maadui wa miungu, ndiye peke yake mwenye siri ya kufufua wafu. Kacha akaja kwake kuwa mwanafunzi, kumbe ametumwa na miungu kuipata siri hiyo. Asura wakamuua, Shukra akamfufua. Wakamuua tena, akamfufua tena. Mara ya tatu wakamchoma, wakachanganya majivu yake na pombe, wakampa mwalimu wake anywe. Akanywa! Mtu mwenye elimu kuliko wote alimnywa mwanafunzi wake kwa sababu hakuitazama gilasi. Ilibidi amfundishe Kacha siri yake akiwa tumboni, Kacha apasue tumbo atoke, kisha amfufue mwalimu. Na alipoinuka, Shukra akatangaza kwamba tangu siku hiyo Brahmin atakayekunywa atahesabiwa amemuua Brahmin mwenzake. Someni katika Adi Parva, kitabu cha kwanza cha Mahabharata. Katazo lile kali lilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa ameungua, ambaye bado alikuwa na jeraha tumboni. Ndiyo maana simcheki yeyote anayeharamisha kabisa. Mara nyingi ana mtu wake aliyemzika.

Wayadava mnawajua, ukoo wa Krishna mwenyewe: katika mji wao Dwaraka pombe ilipigwa marufuku kwa amri ya mfalme, adhabu ni kifo, kisha wakaenda Prabhasa wakanywa na kuuana ndugu kwa ndugu. Marufuku ya mfalme haikuwasaidia. Kule India, jimbo la Gujarat wana marufuku tangu 1960, Bihar tangu 2016. Juu ya hizo nitazungumza siku nyingine, maana zinahitaji jioni nzima.

Charaka naye, yule wa tiba, ambaye aliandika kwamba pombe kwa asili yake ni kama chakula, ikitumiwa vibaya huleta maradhi na ikitumiwa sawasawa ni kama amrita, kinywaji cha kutokufa, naye namwacha. Waulizeni matabibu wa Ayurveda.

Ndugu zangu wa madhehebu ya Swaminarayan, nyinyi kitabu chenu cha maadili, Shikshapatri ya 1826, kimefunga mlango moja kwa moja: pombe hapana, hata ikiwa imetolewa kwa mungu. Sibishani nanyi. Mmeishi hivyo karibu miaka mia mbili na watoto wenu wamenufaika. Ninachowaomba ni kimoja: kijana wenu akiteleza, pawe na mtu katika satsang, mkutano wenu wa ibada, anayeweza kuambiwa bila ya nyumba nzima kujifunika uso kwa aibu. Mjomba wangu hakuwa na mtu huyo.

Kina mama, niliahidi kuzungumza juu ya wake wanaolia jikoni, na muda umenila. Nitarudi Jumamosi ijayo kwa ajili yenu tu, na tafadhali njooni na waume zenu.

Nimalizie habari ya Surendra kwanza, maana niliikatisha. Ramakrishna alipougua saratani ya koo, wakamhamishia kwenye nyumba yenye bustani huko Cossipore, kodi rupia 80 kwa mwezi. Nani alilipa? Surendra. Ramakrishna akafariki Agosti 1886, na wale vijana wake, Narendra ambaye dunia ingemjua baadaye kama Vivekananda na wenzake, hawakuwa na pa kulala. Familia zao zinawataka warudi shuleni na kazini. Surendra alikuwa kwake, katika chumba cha sala, akamwona mwalimu wake katika njozi akimwambia: unakaa hapa, na wanangu wanatangatanga? Akatoka mbio kumtafuta Narendra. Wakakodi nyumba iliyochakaa huko Baranagore, watu walisema ina mashetani, na yeye akabeba gharama mwezi baada ya mwezi mpaka kifo chake 1890. Chumba kile cha sala alichokuwemo jioni ile ndicho kilikuwa chumba chake cha kumkumbuka Mama.