Ua la bondeni linalojipikia na bado linakula kwa jirani (mhadhara wa Bagamoyo)

Assalaam aleikum, na shikamooni wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliosimama mlangoni sogeeni ndani, mikeka ipo. Nimeombwa niongelee magugu ya mpunga, sasa magugu ni mengi mno, leo nimechagua moja tu, tena lenyewe ni ua, na ni ua zuri kwelikweli.

Kitaalamu linaitwa Rhamphicarpa fistulosa. Kule Kyela nilikokaa misimu miwili wakulima wanaliita mbosyo, basi na mimi nitaliita mbosyo. Hilo jina refu neno lake la kwanza maana yake ni tunda lenye mdomo wa ndege, na kweli ukishika tunda lake likikomaa unakuta lina ncha imechongoka mbele kama mdomo wa chiriku. Majani yake membamba kama nyuzi. Ua lenyewe jeupe, mara nyingine linavuta kwenye pinki, lina shingo ndefu nyembamba, na linachanua jioni jua likizama halafu asubuhi linafunga. Linawangoja nondo, nondo ndo wanaolichavusha usiku. Sasa fikirieni, mkulima gani yuko jarubani saa mbili usiku? Tunaondoka alasiri, ua bado limefumba, tunarudi asubuhi linanyauka, kwa hiyo mtu anaweza akalima miaka na miaka pamoja na hili ua asilione likiwa limefunguka hata siku moja, yeye anachoona ni majani tu, anasema aa nyasi hizi.

Sio nyasi.

Mbosyo ni nusu kimelea, yaani anajilisha mwenyewe na bado ananyonya mmea mwingine. Kiduha mnakijua, wale waliowahi kulima mahindi na mtama huko juu kwenye udongo mkavu, kiduha kina maua mazuri na kinamaliza shamba. Hawa ni ukoo mmoja ila tabia mbalimbali. Mbegu ya kiduha inalala ardhini miaka mpaka isikie harufu ya mzizi wa mmea inaoutaka, bila hiyo haioti. Mbosyo hasubiri mtu. Yeye anataka mwanga na udongo ulioloa chapachapa, basi anaota. Ana ukijani wake, anajitengenezea chakula kwa jua kama mmea wowote, anaweza kukua na kuzaa mbegu bila kumgusa mtu yeyote! Lakini mzizi wa mpunga ukiwa karibu anaung'ang'ania, ananyonya maji na madini yaliyomo, na akishapata hapo ananenepa na kuzaa mbegu nyingi zaidi, huku mpunga unadumaa na hata ile kazi yake ya kujitengenezea chakula kwa jua inapungua.

Mimi niliyasikia haya darasani nikayaandika kwenye daftari lakini kuelewa nilielewa siku mama mmoja kule aliponionyesha. Hakung'oa kwa mkono, alichimba na jembe bonge zima la udongo, mpunga na mbosyo pamoja, akalitumbukiza kwenye beseni la maji akaliacha, tukanywa chai. Tuliporudi udongo umelegea umezama chini, akawa anasuuza taratibu na vidole, mpaka ikabaki mizizi mitupu. Akanyanyua mzizi mmoja wa mbosyo, mwembamba kama uzi wa kushonea, mzizi wa mpunga ukaja nao. Pale vinapokutana pana kijinundu kidogo kuliko kichwa cha pini. Akaniambia mwanangu, mdomo ndo huo. Ukivuta kwa pupa kijinundu kinakatika na huoni kitu, ndo maana watu wanabisha.

Na sandali pia, ule mti wa manukato, mizizi yake inafanya hivihivi kwa miti jirani. Kwa hiyo hii tabia sio uchawi.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Watu wanaliita gugu vamizi. Hapana jamani. Hili ni ua la mabonde ya Afrika, lipo kwenye nchi zaidi ya 30 za bara hili, lilikuwa linaishi na nyasi za bondeni kabla hatujafika na mpunga. Sisi ndo tumeshuka huko ardhi ya juu ilipobana. Lakini hasara ni hasara: palipoathirika mavuno yanapungua kuanzia asilimia 40 mpaka mtu anakosa kabisa. Mwaka 2016 watafiti walikadiria ukijumlisha na kiduha na jamaa zake, mpunga wa mvua Afrika ulioguswa ni hekta milioni 1.34, kaya kama 950,000. Hizo ni familia zinazotegemea gunia hilohilo kwa ada na kwa kula.

Mabonde yetu ya Ruvu yana jua, yana tope, na wengi tunalima kwa mvua. Kwa hiyo shikeni haya. Usitegemee kulipumzisha shamba ukidhani hili ua litakufa njaa, halifi, linajipikia. Wenye maji ya mfereji, maji yakisimama jarubani muda wote linashindwa. Wasio na mfereji wahini mvua za kwanza, kule Kyela ilijaribiwa ikaonekana mpunga uliowahi unakuwa umeshashika nguvu kabla mbosyo hajachangamka. Samadi na pumba za mpunga tupieni shambani, udongo wenye afya unausaidia mpunga kuvumilia. Halafu palizi, ng'oeni kabla halijachanua, maana mbegu zake ni kama vumbi na maji ya mafuriko yanazibeba mpaka kwa jirani, hapo palizi ya mtu mmoja haitoshi, mkubaliane bonde zima.

Mmea wenyewe sikuja nao, siwezi kuleta mbegu zile hapa kwenu. Nina picha kwenye simu, mbili za mchana na moja niliyopiga saa moja na nusu usiku kwa tochi, ua limefunguka lote. Mama zangu anzeni nyie, pokeeni simu, mkiangalia hiyo ya usiku kuzeni pale kwenye shingo ya ua.