Funguo za Uwanja Ziko kwa Nani?

Ndugu zangu wahasibu, maana ya kituo cha kudumu, yaani mahali pa biashara panapofanya kampuni ya nje itozwe kodi nchini, mmeisoma, siirudii kwa kirefu. Nimekuja na lile ninaloshindana nalo kila mwaka. Mteja anaingia ofisini: "Sisi ni kampuni ya nje, hapa hatuna ofisi, hatuna hata kibao mlangoni, basi hatudaiwi kodi." Jamani! Nani amewaambia sheria inatafuta kibao?

Twendeni India. Greater Noida, jirani na Delhi, kuna uwanja wa mbio za magari, Buddh International Circuit. Mwaka 2011 kampuni ya Uingereza yenye haki za Formula One iliwapa wenye uwanja, Jaypee, ruhusa ya kuandaa mbio kwa dola milioni 40. Kodi ilipodaiwa, kampuni hiyo ya Uingereza ikajibu: uwanja si wetu, na mbio ni siku tatu tu. Mahakama ya Juu ya India, Aprili 2017, haikuishia kwenye hati ya kiwanja. Ilitazama siku za mbio uwanja uko mikononi mwa nani, ikaisoma mikataba yote kwa pamoja. Picha za televisheni, mabango, mapokezi ya wageni wakubwa: kila mlango wa pesa ulishikwa na kampuni hiyo na kampuni dada zake. Mwenye uwanja amejenga, amelipa, kisha amepisha. Mahakama ikasema kituo cha kudumu kipo.

Mtaniuliza, siku tatu ndiyo kudumu? Hapo ndipo neno linapotupoteza! Muda hupimwa kwa biashara yenyewe. Mbio huisha kwa siku tatu. Biashara hiyo haina zaidi ya hapo. Tena zilirudi 2012 na 2013, uwanja uleule.

Muda unanibana. Wakala anayefunga mikataba kwa niaba ya kampuni naye anaweza kuipa kituo; hayo someni wenyewe. Hapa Kenya, tangu Sheria ya Fedha ya 2021, eneo la ujenzi likipita siku 183 ni kituo. Huduma zikipita siku 91 ndani ya miezi 12, vilevile. Hesabuni siku, zimo kwenye mihuri ya pasipoti za mafundi.

Na wenye hofu kwamba faida yote ya dunia itatozwa, sivyo. Hutozwa ile iliyotokana na kituo. Hata Formula One, hesabu ya kiasi gani iliachiwa mkaguzi wa kodi.