Mdomo wa Chini na Kimya cha p53: Mhadhara Uliotolewa Moshi

Ndugu walimu, madaktari wenzangu na wanafunzi, mnaonifahamu mnajua kwamba nimekuja tena kuzungumzia mdomo wa chini ulioharibiwa na jua, ambao unaweza kugeuka saratani, na sitauacha mpaka tutakapokoma kumpa mgonjwa mafuta ya kupaka na kumwambia arudi akizidiwa.

Yupo kijana mmoja mwenye ualbino, mkulima wa mahindi huku tambarare, aliyezunguka miezi mingi akiwa na mdomo uliokauka na kutoa magamba, hata usingeweza kuonyesha mdomo unapoishia na ngozi ya kidevu inapoanzia. Nilipoupapasa, nilikuta mahali pagumu pasipozidi punje ya hindi. Tulikata kipande hapo hapo. Kwenye hadubini seli zilikuwa zimevurugika, ingawa bado hazijapenya kwenda chini. Tukaweka kingamwili inayoshika p53, protini inayoilinda seli isigeuke saratani, tukitarajia viini vya seli vishike rangi ya kahawia, na katika eneo lile hakikushika hata kimoja. Daktari kijana aliyekuwa kando yangu akashusha pumzi: "Afadhali, mwalimu, imetoka hasi."

Hapo ndipo ninapoomba tutulie. Katika seli yenye afya p53 haidumu, kwa sababu protini ya MDM2 huitia alama ili iharibiwe, na ndiyo maana utando wenye afya huonyesha viini vichache vyenye rangi hafifu, kimoja huku na kingine kule. Jua likijeruhi vinasaba, p53 huongezeka, ikasimamisha mgawanyiko ili jeraha lirekebishwe, au ikaiamuru seli ife. Jeni ya p53 ikiharibika, mara nyingi hutoka protini isiyofanya kazi wala kuondolewa, nayo hurundikana hadi viini vikajaa kahawia. Lakini yako mabadiliko mengine ambayo hukatiza protini njiani, kingamwili ikakosa cha kushika. Basi rangi ikitoweka kabisa mahali fulani, ilhali seli za jirani zinayo ile hafifu, hiyo ni dalili ya uharibifu.

Mtaniuliza kama kahawia nyingi ndiyo saratani. Sivyo, kwani hata ngozi inayoonekana haina ugonjwa, ikiwa imepigwa na jua miaka mingi, huwa na vikundi vya seli zenye p53 mbovu. Protini hii ilitambuliwa mwaka 1979, ikadhaniwa kuwa inachochea saratani, na ni mwaka 1989 ilipodhihirika kuwa kazi yake ni kuizuia. Wakubwa wetu waliisoma vibaya kwa miaka 10, nasi tusiisome kwa haraka.

Wapo wanaosema kwamba vituo vyao havina kingamwili. Nakubali, lakini wembe wa upasuaji na fomalini ya kuhifadhia kipande vipo, na kipande kinaweza kusafirishwa.

Kuhusu Ki-67, protini nyingine tunayoipima kwa kingamwili, muda umenibana: huonyesha seli zinazogawanyika, ambazo kwa kawaida hukaa tabaka za chini, kwa hiyo zikipanda juu, iteni mtaalamu wa patholojia mtazame pamoja.

Yule kijana tuliondoa utando wa juu wa mdomo wote wa chini. Sasa hulima asubuhi na mapema, amevaa kofia pana, na hupaka losheni ya kukinga jua ya Kilisun iliyoanza kutengenezwa hapa Moshi katika hospitali ya KCMC, midomo ikiwemo.