Jinsi ya Kutengeneza Jini Nyumbani kwa Kuloweka Viungo

Karibuni, watazamaji wangu. Leo tunatengeneza jini, na tunaitengeneza bila mtambo na bila moto. Tunataka chupa moja ya vodka, viungo vichache, mtungi wa kioo na siku nne hivi za subira: mbili za kuloweka na mbili za kuiacha itulie. Video hii ni ya watu wazima tu, ambao sheria inawaruhusu kunywa pombe.

Kwanza tuelewane jini ni kitu gani. Jini ni pombe kali isiyo na ladha yake yenyewe, ikatiwa ladha ya juniperi, vile vitunda vidogo vya mti wenye harufu kama ya msitu. Unaweza kuongeza viungo kumi vingine ukitaka, lakini juniperi isipotangulia mdomoni, hapo umetengeneza vodka ya viungo. Hata jina limetoka kwenye mmea huo. Waholanzi walikuwa na kinywaji chao, jenever, kilichopewa jina la juniperi. Kilipovuka kwenda Uingereza jina likakatwa, ikabaki silabi moja.

Viwandani jini nyingi hunerekwa, yaani pombe huchemshwa na viungo, mvuke ukakusanywa na kupozwa hadi ukawa maji tena. Rangi ya viungo haipandi na mvuke, inabaki chini, ndiyo maana jini nyingi za dukani ni nyeupe kama maji. Sisi hatunereki. Nchi nyingi zimekataza kunereka pombe nyumbani, na mvuke wa pombe ukikutana na moto hulipuka. Sisi tunaloweka tu.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Pombe ya kulowekea iwe vodka ya kunywa, ambayo chupa yake imefungwa tangu kiwandani. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda, wala ya kuwashia jiko, wala ya kuyeyushia rangi, hata kama mtu anakuapia kwamba ni safi. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, watu walichanganya juniperi na spiriti yoyote waliyoipata, na nyingine ilikuwa ya viwandani. Wako waliopofuka, wako waliokufa. Methanoli ndiyo hufanya hivyo, na huwezi kuitambua kwa kuonja wala kuiondoa kwa kuichuja.

Haya, tuangalie mezani. Hapa nina vodka mililita 750, yenye alkoholi asilimia 40. Usishuke chini ya hapo, kwa sababu harufu ya viungo imo kwenye mafuta yao, na mafuta hayo huyeyuka kwenye alkoholi, si kwenye maji. Si lazima iwe ya bei kubwa. Iwe tu haikwaruzi koo, na isiwe na ladha yoyote iliyoongezwa.

Juniperi kavu, vijiko viwili vya chakula. Mbegu za giligilani, kijiko kimoja cha chai. Iliki mbili. Pilipili manga punje tatu. Mdalasini, kipande kifupi kama ncha ya kidole, usizidishe. Ukipata mzizi mkavu wa anjelika, weka kipande kidogo. Una harufu ya udongo, na unaipa jini uzito fulani mdomoni. Ukiukosa, endelea tu. Halafu limau moja na chungwa moja, ila hayo yaache pembeni kwanza.

Sogea uone juniperi hizi. Tumezoea kuziita matunda, lakini wataalamu wa mimea watakuambia ni koni, kama zile za msonobari, ila magamba yake yamejaa nyama na kushikana. Chukua moja, iminye kwa vidole. Ikiwa nzuri inabonyea kidogo, inaacha mafuta kwenye ngozi, na inanukia kama msitu baada ya mvua. Ikiwa ngumu kama changarawe na haina harufu, hiyo imeshachoka, haitakupa kitu. Nunua za kupikia. Usichume kwenye mti wa bustani, kwa maana miti ya jamii hii ni mingi na baadhi ina sumu.

Sasa kazi. Mtungi nimeuosha kwa maji ya moto na umekauka kabisa. Naweka juniperi kwenye kinu, nazigonga kwa mchi kidogo tu, zipasuke. Sisagi. Ukisaga, unga utakusumbua wakati wa kuchuja na uchungu utatoka haraka. Giligilani nazo zipasue hivyo hivyo, na iliki uzifungue maganda. Pilipili manga na mdalasini vinaingia vizima. Mimina vodka yote, funika, tikisa mara kadhaa, kisha weka kabatini, mahali pasipo na jua. Acha saa 24.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nimewahi kuharibu. Chupa yangu ya kwanza niliiacha wiki nzima, nikiamini kwamba kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga. Nilitoa kinywaji cha mdalasini, kichungu, juniperi imezama kabisa. Alkoholi haichagui. Huanza na harufu nyepesi, zile zinazokupiga puani, halafu huendelea kuvuta ukali wa maganda na mbegu hadi ulimi ukakauka. Kwa hiyo unachosubiri ni ile saa ambayo harufu zimetoka na uchungu bado haujatoka. Saa hiyo haiko kwenye kalenda, utaijua kwa kuonja.

Na kuonja kuna namna yake. Pombe ya asilimia 40 hutia ulimi ganzi, baada ya mara mbili husikii tena tofauti. Chukua kijiko kimoja cha chai cha jini yako, changanya na vijiko viwili vya maji, nusa kwanza, ndipo uonje. Mimi naanza kuonja saa 24 zikitimia. Mdalasini ukianza kusikika, nautoa palepale kwa uma na kuwaacha wenzake waendelee.

Sasa maganda. Tumia kisu chenye makali, menya limau vipande viwili na chungwa kipande kimoja, virefu kama kidole. Geuza ganda uangalie upande wa ndani. Ukiona nyama nyeupe, ilaze chini na uikwangue yote, hiyo ni uchungu mtupu. Tia maganda mtungini, tikisa, rudisha kabatini. Maganda mabichi hutoa harufu upesi, ndiyo sababu hatukuyaweka jana. Onja baada ya saa 12. Kwangu mara nyingi hiyo inatosha, lakini ikiwa limau bado haijasikika, endelea, usivuke saa 24.

Imefika? Chuja mara moja, usiseme hadi kesho. Kwanza chujio la kawaida litoe viungo. Pili, karatasi ya kuchujia kahawa, au kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Itapita polepole, tone kwa tone. Usikamue, ukikamua unarudisha mashapo yote uliyokuwa unayaondoa.

Utaona rangi: manjano, au kahawia hafifu kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Usishtuke. Jini ya kuloweka ndivyo ilivyo, na mimi naipenda hivyo. Ikiwa kali mno kwa viungo, ongeza vodka tupu kidogo kidogo huku ukionja. Ikiwa juniperi ni hafifu, pasua kijiko kimoja kingine, loweka saa sita hivi, chuja tena.

Mimina kwenye chupa safi, funga, iache siku mbili itulie, ladha zishikane. Iweke mbali na jua. Inakaa miezi bila kuharibika, ila harufu ya maganda ndiyo hutangulia kufifia, kwa hiyo usiihifadhi kwa ajili ya mwakani.

Tuimimine sasa. Bilauri, barafu hadi juu, kipimo kimoja cha jini, vipimo vitatu vya toniki, ile yenye uchungu wa kwinini. Umeona ilivyogeuka ukungu kidogo? Haijaharibika. Maji yameipunguza nguvu alkoholi, na yale mafuta ya juniperi yaliyokuwa yameyeyuka yamejitokeza tena kama vitone vidogo mno. Sasa inamisha pua kwenye bilauri kabla hujanywa, uisikie juniperi ikitangulia, limau ikifuata nyuma yake.