Mali Iliyokamatwa Vitani

Asante, mwenyekiti. Na nyie mliojibana nyuma, sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Tuko Virginia, Mei 1861. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vina mwezi na siku kadhaa tu. Watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, wamechoka kuwajengea mabwana ngome ya mizinga. Usiku wakaingia mashuani, wakapiga makasia hadi Fort Monroe, kwa jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Marekani. Ofisa wa Kusini, majimbo yaliyojitenga, akaja na bendera nyeupe: sheria inasema mtoro arudishwe. Jenerali Butler, mkuu wa Fort Monroe, aliyekuwa wakili kabla ya vita, akamjibu: si mnadai mmejitoa Marekani? Basi sheria yetu haiwahusu. Tena mnasema hawa ni mali. Mali mnayoitumia kutupiga vita tunaikamata.

Hapo pananikera mpaka leo. Walipona kwa kuhesabiwa mali.

Aprili 1862 watumwa wa mji wa Washington wakaachwa huru, na serikali ikatoa fidia, hadi dola 300 kwa kichwa. Akalipwa nani? Bwana. Msicheke, Unguja mwaka 1897 fidia ilikwenda kulekule.

Tangazo la Rais Lincoln la Januari 1, 1863, la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, mnalijua, nalipita. Nataka tukae Savannah, mji wa Georgia huko Kusini, Januari 12, 1865. Mchungaji Garrison Frazier, mzee wa miaka 67 aliyejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000, anaulizwa na Waziri wa Vita Stanton na Jenerali Sherman: nyie mlioachwa huru mtajitunzaje? Hakuzunguka. Ardhi, akasema, tuilime kwa jasho letu. Siku nne baadaye Sherman akaamuru mashamba ya pwani yagawiwe watu weusi walioachwa huru, kila familia isizidi ekari 40.

Wakalima. Haukwisha mwaka, Rais Andrew Johnson akawasamehe mabwana na kuwarudishia mashamba. Oktoba, Jenerali Howard, mkuu wa ofisi ya serikali ya walioachwa huru, akatumwa kisiwa cha Edisto kuwapelekea wakulima hao habari hiyo. Kanisa likachafuka kwa kelele, hadi mama mmoja akaanzisha wimbo.

Baadaye wakamwandikia Howard barua. Unatuomba tuwasamehe mabwana, walisema. Mmoja akaeleza: yule bwana alinifunga mtini akanichapa viboko 39, akawavua nguo mama na dada yangu akawachapa, na leo haniachi nikae hata kwenye kibanda chake kitupu mpaka nimlimie, tena kwa bei aitakayo yeye.