Kopo, Karatasi na Jua la Lamu

RUKIA: Haya wasikilizaji, leo twaongea picha inayopigwa miezi sita. Miezi sita, si sekunde! Kaka Swaleh, waeleze watu, najua washaanza kuguna.

SWALEH: Waache wagune dada. Wachukua kopo la soda tupu, wakata juu, watoboa tundu ubavuni kwa ncha ya sindano, lisifike hata nusu milimita, ndani waeka karatasi ya picha ya blakendiwaiti, zile walizokuwa wakitumia studio zamani, uso wenye dawa utazame tundu, wafunika na selotepu nyeusi, walifunga kwenye nguzo, basi. Hakuna lenzi hakuna betri.

RUKIA: Na haisafishwi?

SWALEH: Haisafishwi kabisa. Karatasi ina chumvi za fedha, mwanga ukizipiga muda mrefu zabadilika zenyewe zikawa nyeusi. Johann Heinrich Schulze kule Ujerumani alionyesha tangu 1717 kwamba kinachozitia weusi ni mwanga, si joto. Sasa karatasi iliyokaa juani miezi ukiitia kwenye dawa ya kusafishia, yote inakuwa giza, picha imekwenda.

RUKIA: Mimi kilichonishika ni rangi. Karatasi blakendiwaiti, lakini ukiitoa wakuta kahawia, waridi, na pale unyevu ulipoingia madoa ya ajabu. Halafu njia za jua, kila siku mstari wake! Siku ya mawingu mstari wakatikakatika, yaani masika yote waiona pale kwenye karatasi.

SWALEH: Sasa sikiliza hapa, hili ndilo muhimu kwetu. Maelekezo mengi mtandaoni ni ya watu wa Ulaya, wanakwambia elekeza kopo kusini, sababu kwao jua lapita kusini. Sisi Lamu tuko nyuzi 2 na kitu tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita liko utosini, kopo litalionea wapi? Elekeza mashariki. Pale ufuoni mjini tundu litazame kisiwa cha Manda ng'ambo, jua lapanda karibu wima kutoka kwenye mikoko, Desemba liko kulia, kufika Juni limehamia kushoto.

RUKIA: Kwa hivyo Desemba 21 mpaka Juni 21, ukizidisha jua larudia njia yake.

SWALEH: Mistari yapandana, ndio. Ingawa mpiga picha Regina Valkenborgh aliacha kopo la bia kwenye kituo cha kutazama nyota cha Bayfordbury, Uingereza, 2012, likaja kutolewa 2020, lina mistari 2,953. Subhanallah.

RUKIA: Na majahazi, punda, mahamali?

SWALEH: Hawatoki. Kinachopita hakiachi alama, kinachokaa ndicho kinachobaki, kuta, mnara, mikoko.

RUKIA: Hilo nalipenda mno, wallahi. Ukuta wa mawe ya matumbawe pekee yake na jua lake.

SWALEH: Kwenye skana sasa, tahadhari! Mwanga wa skana nao waiharibu, kwa hiyo skani mara moja tu, ubora wa juu, usijaribu jaribu kwanza. Kisha kwenye kompyuta geuza weusi uwe weupe, na kushoto iwe kulia. Karatasi yenyewe irudi gizani.

RUKIA: Na kusi likivuma?

SWALEH: Kaza na kamba ya nailoni, waya utaliwa na chumvi. Kopo likisogea kidogo tu ukuta watoka mara mbili. Na mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza.

RUKIA: Wa Malindi?

SWALEH: Hivyo hivyo, mashariki, tena wao bahari iko wazi mbele yao. Waanze Desemba hii.